"Flammable" na "inflammable": ipi inawaka na ipi haiwaki? Tumalize ubishi huu

#1 MlindaDepo

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa usaili wa kazi za maghala, migodini na kwenye depo za mafuta, swali hili halikosi: taja tofauti kati ya "flammable" na "inflammable". Vijana wakitoka humo ndani, ubishi unaanzia getini na kuishia kwenye magrupu ya WhatsApp.

Majibu yapo ya aina mbili. Wa kwanza wanasema "flammable" ni kinachowaka na "inflammable" ni kisichowaka, kwa kuwa "in" ya Kiingereza hukanusha. Wa pili, ambao hujiona wamesoma zaidi, wanasema "flammable" huwaka ukikiwasha na "inflammable" hujilipukia chenyewe. Wote wamekosa, ila wa kwanza ndio wa kuogopwa. Huyo wa pili atachukua tahadhari kupita kiasi na hakuna atakayeumia. Wa kwanza atavuta sigara juu ya pipa la tina, ile ya kuchanganyia rangi.

Maneno hayo mawili maana yake ni moja. Likiandikwa hili, kitu kinashika moto upesi; likiandikwa lile, kinashika moto upesi vilevile. Kisichoshika moto huandikwa "non-flammable".

Imekuwaje lugha moja ikawa na maneno mawili ya kitu kimoja, tena moja lina sura ya kukanusha? Kilatini kilikuwa na "in" mbili zilizofanana sura bila kuwa na undugu. Ya kwanza hukanusha, na ndiyo tuliyoizoea kwenye "invisible" na "incapable". Ya pili ni ya kuingiza kitu ndani au kukitia nguvu. Kitenzi "inflammare" kilitumia hiyo ya pili: kutia moto, kuwasha. Kiingereza kikalichukua neno na "in" yake, na kwa maana hii ya kushika moto "inflammable" limekuwamo tangu karibu mwaka 1600. Mwaka 1766 Henry Cavendish alipowasilisha utafiti wake kuhusu gesi ambayo leo tunaiita haidrojeni, aliiita "inflammable air". Hakuna aliyedhani anazungumzia hewa isiyowaka.

"Flammable" ndilo mdogo. Linaonekana kwenye maandishi mwaka 1813, kisha likakaa kimya zaidi ya miaka 100. Waliolirudisha kazini si walimu wa sarufi. Ni watu wa zimamoto na bima. Miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kujikinga na moto, NFPA, kilianza kuhimiza "flammable" itumike kwa hofu hiyohiyo ya "in" kusomwa kama kanusho. Mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza, BSI, nayo ikatangaza kuwa sera yake ni kuhimiza "flammable" na "non-flammable", ili utata uishe.

Haukuisha. Malori ya mafuta ya India bado yanatembea na maandishi "Highly Inflammable", na makopo na mapipa ya zamani yapo kila stoo. Ndiyo maana naleta uzi huu.

Karibuni, na wenye ujuzi ongezeeni nyama.

#2 Kinyozi Mstaafu

Kwa hiyo "in" ipo halafu haipo. Kiingereza hiki kilikuja kwa meli au kwa mitumbwi?

Nipo siti ya mbele nasubiri wataalamu.

#3 MwalimuTanga

Mkuu MlindaDepo umeeleza vizuri. Niongeze mifano kutoka darasani, maana tatizo hili halipo kwenye moto peke yake.

Chukua "inhabitable". Wanafunzi wengi husema ni mahali pasipokalika. La hasha, ni mahali panapokalika, sawasawa na "habitable", kwa sababu linatokana na kitenzi "inhabit". Pasipokalika ni "uninhabitable". Kisha kuna "invaluable": hapo "in" inakanusha kweli, kwamba thamani yake haikadiriki, lakini mtoto anatafsiri "kitu kisicho na thamani" na anakosa alama.

Kinachonichekesha zaidi ni "incombustible". Linaishi mtaa mmoja na "inflammable", linahusu moto vilevile, lakini "in" yake ni ile ya kukanusha! Kwa hiyo kitu "inflammable" kinawaka, na kitu "incombustible" hakiungui. Ukikuta maneno hayo kwenye ukurasa mmoja, kanuni uliyofundishwa ya viambishi haitakuokoa. Inabidi ujue historia ya kila neno.

Ndugu wengine wa "inflammable" wanaokusaidia kukumbuka ni hawa: "inflame", "inflammation", "inflammatory". Kwenye boksi la dawa ya maumivu ya viungo utasoma "anti-inflammatory", yaani inapunguza ule uvimbe unaowaka kwa joto na wekundu. Na hotuba "inflammatory" kwetu ni uchochezi, na uchochezi unatokana na kuchochea, kazi ya mpishi aliyeinama mbele ya mafiga. Waingereza nasi tumekwenda njia moja hapo bila kuulizana.

Tofauti ndogo ya matumizi ninayoweza kuikubali ni hii. Ukizungumzia hasira za mtu au hali ya kisiasa iliyo karibu kulipuka, Mwingereza atasema "inflammable". Hawezi kusema mtu ana hasira "flammable", litamkwaruza sikio. Kwa pipa na kopo, hakuna tofauti.

#4 KamukunjiMade

Salamu kutoka Nairobi. Uzi mzuri, ila mimi nimeshikwa na neno la tatu. Kwenye karatasi ya bidhaa moja nimeona "flammable liquid", na kwenye nyingine "combustible liquid". Zote ni mafuta. Hizo nazo ni ndugu pacha kama hizi mbili, ama kuna tofauti?

#5 MlindaDepo

Hapo ndipo kwenye uhondo, ndugu yangu. Msaili mwenye akili angeuliza hilo, na angeachana na "in".

Tuanze na jambo ambalo watu wengi wanaofanya kazi na mafuta hawajawahi kuambiwa: kimiminika chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa kwa kiasi fulani. Kila kimiminika cha aina hiyo kina kiwango cha joto ambacho kikikifikia, juu yake panakuwa na mvuke wa kutosha kushika cheche. Sisi tunakiita flashi pointi.

Petroli flashi pointi yake iko karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake, hata ukiipeleka kileleni Kilimanjaro usiku, bado inatoa mvuke unaoshika moto. Mafuta ya taa yanaanzia nyuzi 38 hivi. Dizeli ni zaidi ya 52, na nyingi inavuka 55.

Sasa linganisheni na hewa ya Dar mchana, nyuzi 30 na ushee. Petroli imeshavuka mstari wake zamani. Dizeli bado iko mbali. Mafuta ya taa yako mlangoni. Yaweke kwenye dumu jeusi juani, au karibu na jiko, yanaingia.

Wamarekani walichora mstari kwenye nyuzi 100 za Fahrenheit, ambazo kwetu ni 37.8. Kimiminika chenye flashi pointi chini ya hapo kikaitwa "flammable", na cha kuanzia hapo kwenda juu kikaitwa "combustible". Kwa hiyo ndiyo, kuna tofauti, na inapimwa kwa kipimajoto. Petroli "flammable", dizeli "combustible".

Ila mstari huo umehamishwa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuweka alama kwenye kemikali, GHS, unahesabu vimiminika hadi nyuzi 93 na kuvigawa madaraja manne. Mwaka 2012 Marekani nayo ikaufuata kwenye kanuni zake za lebo za kazini. Daraja la kwanza lebo inasema "Extremely flammable". La pili "Highly flammable". La tatu "Flammable" tupu. La nne, kuanzia juu ya nyuzi 60 hadi 93, ndilo limebakiziwa "Combustible liquid". Kwa hesabu hiyo dizeli iliyokuwa "combustible" jana, leo lebo yake ni "flammable" ya daraja la tatu. Haikubadilika tone. Karatasi ndiyo iliyobadilika.

Hilo linamjibu pia yule anayesema "inflammable" ni kali kuliko "flammable". Ukali unaonyeshwa na "Extremely" na "Highly", na neno kubwa jekundu au jeusi la "Danger" au "Warning" pembeni. "In" haipimi chochote.

Kwa vitu vigumu, "combustible" ni kitu chochote kinachoweza kuungua: mbao, karatasi, makuti, magunia. Gogo la mninga ni "combustible". Hakuna atakayeliita "flammable", maana utakaa na kiberiti hadi vidole viungue.

#6 KamukunjiMade

Asante sana. Sasa nimeelewa mbona hapa Kenya walipiga vita mafuta ya taa kuchanganywa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ndio isiwe faida tena kuyachanganya na dizeli.

#7 MlindaDepo

Hiyo ni kuhusu injini na kodi, na kwetu Tanzania mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kwa sababu hiyohiyo. Ila mchanganyiko unaoua watu majumbani ni mwingine: petroli kuingia kwenye mafuta ya taa. Dumu lililobebea petroli likajazwa mafuta ya taa bila kuoshwa, au tenka lililobakiza. Petroli kidogo tu inaishusha flashi pointi ya mchanganyiko mzima. Mama anaweka kwenye koroboi au jiko la utambi kitu anachokijua kwa jina la mafuta ya taa, kumbe tabia yake imeshakuwa ya petroli. Linalipuka mikononi. Hapo jina kwenye dumu limebaki lilelile na lebo haina msaada.

#8 Mtu wa Mvomero

Mnazunguka sana. Mimi ni mtu wa Morogoro. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, tenka lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Niambieni ni nani kati yao aliyedanganywa na "in". Hakuna! Kila mtu alijua ile ni petroli na petroli inawaka. Kenya, Sachangwan, Januari 31, 2009, hivyohivyo, zaidi ya 100. Maneno ya Kiingereza kwenye ubavu wa lori ni mapambo. Umaskini ndio unaoua.

Semeni ukweli.

#9 MlindaDepo

Mkuu, sikubishii hata kidogo. Petroli ina harufu yake na kila mtoto wa barabarani anaijua. Pale Msamvu neno lolote lisingezuia kitu, hata lingeandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi za dhahabu.

Nitaongeza moja tu. Watu wanajua petroli inawaka. Wasichokijua ni kwamba moto haungoji mtu awashe kiberiti kwenye dimbwi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unaingia bondeni, unafika kwenye pikipiki inayowashwa mbali na pale unapochota. Halafu moto unarudi kwa njia ileile mvuke ulikopita. Aliye pembeni kabisa na ndoo yake tupu anaungua pamoja na aliye katikati.

Neno linaleta faida pale ambapo kitu hakijulikani kwa macho wala pua. Gundi ya viatu, tina, kopo la dawa ya kupuliza, kitakasa mikono, dawa ya kusafishia mashine inayofanana na maji. Hapo mtu anategemea alichoandikiwa.

#10 Bukavu Kwetu

Jambo bandugu. Mimi nawasoma tangu juu.

Huku kwetu Kongo hiki kitu hakituangaishe, juu sisi tunasoma Kifaransa. Kwa Kifaransa "inflammable" ni yenye inawaka, basi. Yenye haiwake ni "ininflammable", "in" mbili zinafuatana, moja ya kuwasha na moja ya kukatala. Neno "flammable" mutu wa hapa hawezi kulitumia. Kwa hiyo mubeba mizigo wa bandari ya Kalundu akiona pipa "inflammable", anajua mara moja. Ni nyinyi wenye mulisomea Kiingereza ndio munapotea!

Ila tuko na mutego wetu. "Combustible" kwetu ni jina la kitu: kuni, makala, mazout (dizeli). Mutu akisoma "combustible liquid" kwa pipa ya Kiingereza, anaona wanamwambia tu kama ndani kuna mafuta ya kuwasha.

Na ndugu wa Mvomero ana haki. Sange, kwa barabara ya Uvira, tarehe 2 mwezi wa saba 2010. Zaidi ya watu 200. Wengine hawakuchota kitu, walikuwa wamekaa ndani wanaangalia mechi ya Kombe la Dunia.

#11 Kinyozi Mstaafu

Poleni sana Sange.

Hiyo "ininflammable" nimeipenda. Kumbe dawa ya "in" ni "in" nyingine.

#12 MwalimuTanga

Karibu sana ndugu wa Bukavu. Umenikumbusha jambo. Wako wanaosema Kiingereza kingefanya hivyohivyo, "uninflammable", na kamusi zinalo. Lakini hebu fikiria mlinzi wa usiku analisoma hilo kwa tochi.

MlindaDepo, ulitaja watu wa bima. Si ndiko alikokuwa Benjamin Lee Whorf? Tuliosoma isimu tunamjua kwa nadharia yake ya lugha na fikra, ila naona yeye ni wa kwenu zaidi kuliko wetu.

#13 MlindaDepo

Ni wetu kabisa, mwalimu! Whorf alizaliwa 1897, akasomea uhandisi wa kemikali pale MIT, na kuanzia 1919 akaajiriwa na kampuni ya bima ya moto ya Hartford, Connecticut. Kazi yake ilikuwa kupita viwandani kukagua hatari na kusoma ripoti za moto ulivyoanza. Isimu aliifanya pembeni, hadi alipofariki mwaka 1941. Mwaka huohuo ilichapishwa makala yake inayoeleza alichokigundua kwenye zile ripoti: mara nyingi moto haukuanzishwa na kitu peke yake bali na jina ambalo watu walikipa kitu.

Mfano wake maarufu ni mapipa ya petroli. Karibu na mapipa yaliyojaa watu walikuwa waangalifu, hakuna sigara. Karibu na mapipa yaliyoandikwa matupu wakastarehe, wakavuta na kutupa vichungi. Kumbe pipa "tupu" lina mvuke, na lina hewa, kwa hiyo ndilo lililo tayari kulipuka. Lililojaa halina nafasi ya kuchanganya hewa na mvuke.

Mfano wake mwingine ambao wachache wanausimulia: kiwanda kimoja kilifunika mitambo yake ya kukenekea kwa kitu kilichoitwa "spun limestone". Kwa kuwa jina lilikuwa na "stone", jiwe, hakuna aliyehangaika kukikinga na joto kali. Mvuke wa asidi ya siki kutoka kwenye mitambo ukawa unakigeuza taratibu kuwa kemikali nyingine, ambayo ikipata moto inatoa asetoni. Siku moja moto ukafika hapo. Wenyewe walishangaa "jiwe" linavyowaka.

Ndiyo maana siwacheki watu wanaobishana kuhusu lebo. Ila ubishi ukiishia kwenye kiambishi, mmeacha pipa tupu nje ya mazungumzo.

#14 Chuma Baridi

Mkuu hapo kwenye pipa tupu umenigusa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nakata mapipa kutengeneza majiko na matangi. Sisi tunafungua kifuniko, tunaliacha juani siku nzima, harufu ikiisha tunakata. Kuna ubaya?

#15 MlindaDepo

Kuna ubaya mkubwa, kaka, na nashukuru umeuliza kabla ya kukata la kesho.

Kwanza, mvuke wa petroli unalipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa iliyomo ndani. Ni kiasi kidogo mno. Na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, kufungua kifuniko cha juu hakuutoi, umekaa chini. Pili, pua si kipimo. Mafuta yanajificha kwenye mikunjo ya kitako, kwenye kutu, kwenye masalia yaliyogandia ukutani. Ukiweka moto wa gesi au grainda, chuma kinapata joto, masalia yanatoa mvuke mpya ukiwa tayari umeinama juu yake. Kwa hiyo hata pipa la oili au dizeli, lile ambalo flashi pointi yake iko juu, unayapasha masalia wewe mwenyewe kwa mkono wako mpaka yanaifikia.

Pipa lililobeba petroli, tina au spiriti, ushauri wangu ni mmoja: usilikate kwa moto. Tafuta lililobeba kitu cha chakula au sabuni, na hilo nalo uhakikishe kwa muuzaji. Kama kazi inakulazimu kulikata lililokuwa na oili, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kali au mvuke, zaidi ya mara moja, masalia yote yatoke. Kisha lijazwe maji hadi karibu na mstari unaokata, na juu pabaki wazi ili pasiwe na shinikizo. Maji yanachukua nafasi ya hewa, basi hakuna kilichobaki cha kulipuka. Na usithubutu kupima usalama kwa kuingiza kiberiti. Wapo wanaofanya.

#16 Chuma Baridi

Kuna mawili matatu hapa uani yalikuwa ya tina. Nayaacha. Ubarikiwe.

#17 MamaStoo

Habari zenu. Mimi nasimamia stoo ya loji moja ya watalii. Naomba mnisaidie mambo mawili kwa kuwa hapa lugha zinanichanganya.

La kwanza: mapazia tuliyonunua yameandikwa "flame retardant". Msambazaji alituambia hayaungui kabisa.

La pili: mzigo wa dawa ya bwawa la kuogelea una alama ya moto, lakini moto umekaa juu ya duara. Dizeli ya jenereta ina alama ya moto bila duara. Nikamuuliza kijana aliyeleta, akasema ni kitu kimoja, mchoraji tu tofauti.

#18 MlindaDepo

Dada, asante kwa maswali ya maana.

Mapazia: "flame retardant" ni kitu kilichotiwa dawa ya kuchelewesha moto. Kitachukua muda kushika, au kitajizima ukiondoa kiberiti. Moto mkubwa ukifika, kitaungua kama vingine. "Fireproof" ndilo neno la kudai hakiungui kabisa, na sijawahi kuliamini kwenye kitambaa. Tena baadhi ya dawa hizo huisha kwa kufuliwa, kwa hiyo soma maelekezo ya kufua kabla hujayapeleka dobi.

Alama: kijana amekupotosha. Ndimi za moto peke yake ndiyo ile tunayoizungumzia tangu juu, inawaka. Ndimi za moto juu ya duara ni kitu kingine. Inamaanisha kitu hicho kinatoa oksijeni au kinasaidia vingine kuungua. Chenyewe huenda hakiwaki kabisa, na unaweza ukakuta karatasi yake imeandikwa "non-flammable", na ni kweli tupu. Hatari yake ni jirani yake. Ile klorini ya bwawa ya unga, ikigusana na mafuta, inaweza kuanzisha moto bila mtu kuwasha chochote, na moto wake haukosi hewa hata ukiufunika.

Dizeli na klorini viko chumba kimoja?

#19 MamaStoo

Ndiyo. Rafu moja, klorini juu, dizeli chini.

#20 MlindaDepo

Vitenganishe leo. Klorini ikae chumba chake, pakavu, penye hewa, mbali na mafuta, rangi, mbolea na matambara yenye grisi. Hamisha dizeli kwanza, kwa sababu ukianza na klorini ikamwagika unapoishusha, inaangukia mafuta. Atakayehamisha asivae glovu alizoshikia jenereta. Na kama kuna dumu la dizeli linalovuja, usiguse klorini kwanza. Pafuteni chini pakauke, tambara litoke nje.

#21 Mtu wa Mvomero

Hapa sasa mnaongea. Swali la mwisho kutoka kwangu: yale mabango ya rangi ya chungwa nyuma ya matenka, namba juu na namba chini, yanasema nini? Barabara ya Iringa yanapita kutwa.

#22 MlindaDepo

Mkuu, hizo hazihitaji Kiingereza wala Kifaransa. Namba ya chini ni jina la mzigo kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa, 1075 ni gesi ya kupikia. Namba ya juu ni hatari yake. 3 ni kimiminika kinachowaka, na tarakimu ikirudiwa hatari imezidi. Kwa hiyo 33 juu ya 1203 ni petroli, flashi pointi chini ya nyuzi 23. Dizeli utaiona na 30. Gesi ya kupikia ni 23, ile 2 ikiwa ya gesi.

Ukiona herufi X mbele ya namba ya juu, mzigo huo ukipata maji unaleta hatari kubwa, kwa hiyo wananchi wasikimbilie ndoo. Likipinduka mbele yako, kaa upande upepo unakotokea, usishuke bondeni, zima injini, piga 114 uwasomee zimamoto namba zote mbili kama zilivyo.

#23 Bukavu Kwetu

Na kwa Kongo zinasomeka vile vile?

#24 MlindaDepo

Vilevile. Palipo na bango, 1203 ni petroli, Dar hadi Bukavu.